Shamba kwa Shamba, Shamba kwa Fedha

Watu wengi hudhani kwamba mhakiki hana kazi ila kupima mashairi na hadithi. Lakini sheria nayo ni maandishi. Imetungwa na watu, maneno yake yamechaguliwa, na neno moja likifutwa ndani yake laweza kumwondoa mtu shambani mwake. Katika insha hii namwomba msomaji atazame pamoja nami sheria mbili zilizotungwa Nairobi katika siku za ukoloni, ya kwanza mwaka 1930, na ya pili mwezi wa Desemba mwaka 1932. Ya pili ilitungwa ili kuirekebisha ya kwanza, na kilichosababisha marekebisho hayo ni dhahabu iliyoonekana Kakamega. Serikali inapotwaa mali ya mtu, ni kwa kipimo gani twaweza kusema kwamba imemlipa kwa haki? Hilo ndilo swali ninalotaka kuziuliza sheria hizi mbili.

Yafaa kwanza tujue hofu iliyoizaa sheria ya 1930. Wamasai walikuwa wamehamishwa mara mbili, mwaka 1904 na tena baada ya mapatano ya 1911, ijapokuwa mapatano ya kwanza yaliahidi kwamba hawatasumbuliwa maadamu kabila lao lingali lipo duniani. Ardhi ya Wanandi ilimegwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ili wapewe askari wa Kizungu waliotoka vitani. Sheria ya Ardhi ya Taji ya mwaka 1915 iliihesabu ardhi waliyokaa Waafrika kuwa ni ya mfalme wa Uingereza, na mwaka 1921 Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa hukumu iliyomfanya Mwafrika kuwa mpangaji tu wa mfalme, akaaye kwa hiari ya mwenye ardhi. Mtu aliyelima mahali alipolima babu yake alijikuta hana hati, hana kesi, na hana uhakika wa mavuno ya mwaka ujao. Malalamiko yakawa mengi, hapa na ng'ambo.

Sheria ya Amana ya Ardhi za Wenyeji ya mwaka 1930 ilitungwa ili kuituliza hofu hiyo. Ilisema kwamba rizavu zimetengwa kwa manufaa ya makabila yaliyokaa humo, na kwamba zimetengwa kwa milele. Ikiwa serikali ingehitaji kumega kipande cha rizavu kwa jambo la faida kwa umma, ilipasa kuongeza mahali pengine ardhi ya ukubwa ule ule, na kwa kadiri iwezekanavyo ya thamani ile ile. Tena, kabla ya kufanya hivyo, wenyeji wenyewe na Baraza lao walipasa kuulizwa.

Tuipime sheria hii kwa jicho lisilo na upendeleo. Ilikuwa na kasoro kubwa. Haikumpa mtu yeyote milki ya shamba lake. Ilimweka mdhamini juu yake, na mdhamini mwenyewe alikuwa ni serikali, yaani yule yule ambaye wenyeji walimwogopa. Haikurudisha hata ekari moja iliyokwisha kuchukuliwa. Lakini katika jambo moja ilikuwa sheria nzuri, na kwa maoni yangu ilikuwa nzuri kuliko wengi walivyotambua wakati ule. Iliweka kipimo ambacho mtu asiyejua kusoma aliweza kukikagua kwa macho yake. Shamba likitwaliwa, shamba litolewe. Mzee wa ukoo hakuhitaji mkadiriaji, wala mwanasheria, wala karani wa kumfasiria tarakimu. Angeitembelea ardhi aliyopewa, akachukua udongo mkononi, akatazama maji yako umbali gani, akajua kama amepunjwa au hakupunjwa.

Neno milele ni neno zito. Watungaji wa sheria hulikwepa, na wana sababu, kwa kuwa bunge la leo haliwezi kulifunga mikono bunge la kesho. Waliolitia katika sheria ya 1930 walijua jambo hilo. Walilitia kwa makusudi, ili wenyeji wasadiki. Ahadi ni deni, na deni hili liliandikwa kwa wino wa serikali.

Mwaka uliofuata, 1931, Mmarekani aitwaye L. A. Johnson, aliyekuwa mlowezi, alikuta dhahabu katika nchi ya Kakamega. Wilaya hiyo iliitwa Kavirondo ya Kaskazini. Jina la Abaluhya, tunalowaitia watu wake leo, ndiyo kwanza lilikuwa likianza kuenea. Habari za dhahabu zilikuja katika wakati wa njaa ya fedha. Bei ya mahindi na kahawa ilikuwa imeanguka ulimwenguni kote, nzige walikuwa wameshambulia mashamba, na walowezi wengi wa nchi za juu walikuwa wamezama katika madeni. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule Uingereza iliacha kuifunga sarafu yake na dhahabu, na bei ya dhahabu ikapanda. Basi mkulima wa Kizungu aliyeshindwa kuuza mahindi alifunga hema lake garini, akachukua sururu na karai, akaja Kakamega. Mwaka 1932 mamia ya watu kama huyo walikuwa wametawanyika katika wilaya, wakichekecha mchanga wa mito na kupiga vigingi. Serikali ilimwita mtaalamu wa mawe, Sir Albert Kitson, aje kupima utajiri uliokuwa chini ya ardhi.

Namwomba msomaji akitazame kigingi hicho kwa uangalifu. Wilaya ile haikuwa pori. Sehemu zake za kusini ni katika sehemu zilizokaliwa na watu wengi mno katika Afrika ya Mashariki, na zilikuwa hivyo hata wakati huo. Kigingi kilipopigwa kilipigwa katika shamba la wimbi, au pembeni mwa migomba, au hatua chache kutoka mahali alipozikwa mtu. Wenyeji waliambiwa kwamba dhahabu si yao hata kidogo, kwa kuwa sheria ya madini iliihesabu kuwa mali ya Taji. Kilichobaki kuwa chao ni uso wa nchi, na uso huo ndio sasa mchimbaji aliouhitaji ili afike chini.

Hapo ndipo sheria ya 1930 ilipokabiliana na mtihani wake wa kwanza. Ili kampuni ikodishwe eneo la kuchimba, eneo hilo lilipasa kutolewa katika rizavu, na kila ekari iliyotolewa ilidai ekari nyingine mahali pengine. Baraza la Wenyeji lilipasa kuulizwa. Sheria ilikuwa wazi, wala haikuhitaji kufasiriwa. Gavana wakati huo alikuwa Sir Joseph Byrne, na Waziri wa Makoloni huko London alikuwa Sir Philip Cunliffe-Lister. Wangaliweza kuitii sheria. Badala yake, mwezi wa Desemba 1932, Baraza la Kutunga Sheria lilipitisha marekebisho kwa haraka. Ardhi iliyohitajiwa kwa madini sasa iliweza kutolewa katika rizavu bila ya kuongezwa ardhi nyingine; wenyeji wangelipwa fedha. Na sharti la kuliuliza Baraza kwanza likaondolewa.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba tume ya kuchunguza mambo ya ardhi nchini Kenya, chini ya Sir Morris Carter, ilikuwa imekwisha kuundwa mwezi wa Aprili mwaka huo huo. Kazi yake ilikuwa kusikiliza madai ya ardhi na kutoa shauri. Serikali haikungoja shauri hilo. Tume ilikuwa ingali kazini wakati sheria ilipogeuzwa.

Mhakiki mwenye haki hana budi kuwasikiliza walioitetea sheria hiyo, maana hawakuwa wajinga, na baadhi ya hoja zao zina uzito. Walisema kwamba mgodi ni kitu cha muda: dhahabu ikiisha mchimbaji huenda zake na ardhi hurudi kwa wenyewe, basi kwa nini kuongeza ardhi kwa milele badala ya ile iliyotolewa kwa miaka michache? Walisema kwamba eneo lililohitajiwa ni dogo sana likilinganishwa na wilaya nzima. Walisema kwamba machimbo yataleta kazi ya mshahara na soko la mahindi na kuku, na kwamba mtu atapata fedha za kodi pasipo kwenda mbali kuzitafuta. Na walisema jambo moja ambalo ni gumu kulijibu: ardhi ya kuongeza itatoka wapi? Rizavu za jirani zimejaa. Ukiwatoa Waluo ili uwape Wakakamega, umetibu jeraha kwa kufungua jeraha.

Hoja hii ya mwisho nataka niikalie kidogo, kwa sababu ndiyo inayotufikisha kwenye kiini cha mambo. Ni kweli kwamba rizavu za jirani zilikuwa zimejaa. Lakini kupanda kutoka Kakamega kuelekea mashariki kulikuwa na nchi ya Uasin Gishu na Trans-Nzoia, iliyogawanywa kwa mashamba makubwa ya walowezi, na mengi ya mashamba hayo hayakuwa yamelimwa yote. Nchi hiyo Mwafrika hakuruhusiwa kuimiliki, kwanza kwa desturi ya utawala na baadaye kwa amri ya mwaka 1939. Kwa hiyo waliposema kwamba ardhi haikupatikana, walimaanisha kwamba haikupatikana upande ule ambao serikali ilikuwa tayari kuutazama.

Sasa tuyatie maneno haya katika mizani ya mtu mmoja aliyelipwa. Amepewa shilingi. Shilingi ni kitu kizuri, nayo hununua vitu vingi. Je, zaweza kumnunulia shamba? Katika nchi za juu, hapana, kwa kuwa amekatazwa. Katika rizavu yake mwenyewe, hapakuwa na soko la ardhi kama tulijualo leo. Hati za mashamba zilianza kutolewa kwa wingi katika rizavu baada ya mwaka 1954. Ardhi ilikuwa ya ukoo, na mtu wa ukoo mwingine aliyehitaji mahali pa kulima aliomba kukaribishwa. Aliyekaribishwa hivyo aliitwa mmenya. Alilima, alijenga, alioa na kuzaa, lakini alikaa kwa ihsani ya wenyeji wake, na ugomvi ukitokea aliweza kukumbushwa kwamba hapo si kwao. Basi mtu aliyetolewa katika ardhi ya ukoo wake na kutiwa shilingi mkononi alikuwa amebadilishwa hali. Jana alikuwa mwenyeji anayekaribisha, leo ni mgeni anayeomba kukaribishwa. Hakuna hesabu ya mkadiriaji inayoandika hasara hiyo, maana haikai katika udongo wala katika migomba.

Kwa sababu hii nasema kwamba kosa kubwa la sheria ya 1932 halikuwa uchache wa fedha. Hata kama fedha zingalikuwa nyingi mara mbili, kosa lingalikuwa pale pale. Fedha ni fidia ya haki pale ambapo mwenye kulipwa aweza kuzipeleka sokoni akanunua mfano wa kile alichopoteza. Soko hilo likiwa limefungwa, na tena limefungwa na yule yule anayelipa, fedha huwa kama chakula kilichowekwa mbele ya mtu aliyefungwa kinywa.

Jambo la pili ni wakati. Kipimo kilibadilishwa baada ya mali kuonekana kuwa na thamani. Kama serikali ingalisema mwaka 1930 kwamba fidia itakuwa ni fedha, wenyeji wangalilalamika, lakini wasingalidanganywa. Muuzaji anayebadilisha ratili yake baada ya mnunuzi kumwaga nafaka kwenye mizani hawezi kujitetea kwa kusema kwamba ratili mpya nayo ni sahihi. Huenda ni sahihi. Lakini aliibadilisha wakati gani, na kwa nini wakati ule?

La tatu ni ule ukimya uliotiwa mahali pa Baraza. Wengi hulipita jambo hili upesi, wakidhani kuwa ni suala la adabu tu. Sivyo. Katika shamba moja la Kakamega huweza kuwa na haki za watu wengi zilizosukwa pamoja kama mkeka. Kuna ukoo, ambao ardhi ni yao. Kuna mkubwa wa nyumba, aliyegawiwa sehemu yake. Kuna wake zake, ambao kila mmoja analo konde lake analolisha watoto wake, wala hawezi kunyang'anywa hivi hivi. Kuna mmenya. Kuna jirani ambaye ng'ombe wake hupita hapo kwenda mtoni. Afisa akija na mfuko wa fedha, atamkabidhi nani? Akimkabidhi mwanamume mmoja, amemlipa mmoja na kuwanyang'anya watano. Watu waliojua kuyafumua mafundo hayo ni wazee wa mahali penyewe, na hao ndio sheria ilisema kwamba si lazima kuulizwa. Fidia isiyojua ni nani aliyepoteza nini haiwezi kuwa ya haki ila kwa bahati.

Linganisha jambo hili na yale aliyofanyiwa mtu mwenye hati. Kwa ardhi ya namna hiyo Kenya ilitumia sheria iliyotoka Bara Hindi, ya mwaka 1894. Sheria hiyo ilitaka mwenye mali apewe taarifa, asikilizwe, alipwe bei ya soko, na juu ya bei hiyo aongezewe sehemu 15 katika kila 100, kwa kuwa hakuuza kwa hiari yake. Asiporidhika aliweza kwenda mahakamani. Basi serikali ilijua vizuri sana namna ya kutwaa mali kwa adabu. Maarifa yalikuwepo; hayakutumiwa kwa watu wa rizavu. Na si ajabu kwamba ile 15 katika 100 imedumu hata leo: Kenya huru iliichukua katika sheria yake ya mwaka 1968, na kanuni za fidia za mwaka 2017 zinayo vile vile.

Kelele zilizofuata marekebisho ya 1932 zilikuwa kubwa kuliko serikali ilivyotazamia. Arkidiakoni W. E. Owen wa Kavirondo, mmisionari aliyekuwa amezoea kugombana na wakubwa kwa ajili ya wenyeji, aliishutumu sheria hiyo. Mwezi wa Februari 1933 jambo hilo lilijadiliwa katika Baraza la Malodi la Uingereza, na Lord Lugard, ambaye mwenyewe alikuwa gavana mkuu wa Nigeria zamani na hakuna awezaye kumwita adui wa ukoloni, alikuwa miongoni mwa walioonyesha kutoridhika. Wakakamega wenyewe hawakukaa kimya. Walitoa ushahidi wao mbele ya Tume ya Carter, na katika miaka michache iliyofuata chama cha North Kavirondo Central Association kilipata nguvu, na hofu ya kupoteza ardhi ilikuwa moja ya mambo yaliyowakusanya vijana wake. Huko nyuma, mtu wa ukoo huu na mtu wa ukoo ule walijiona kuwa mbali. Kigingi cha mchimbaji kiliwafanya wajione kuwa jirani.

Nayo dhahabu ilikuwaje? Ilikuwa ndogo kuliko ndoto. Wachimbaji wengi waliokuja na makarai waliondoka maskini kama walivyokuja. Makampuni yenye mitambo ndiyo yaliyodumu, na lililojulikana zaidi ni lile la Rosterman, lililochimba mwambani tangu katikati ya miaka ya 1930 mpaka mwaka 1952. Maelfu ya wenyeji walifanya kazi za migodini. Eneo lililotwaliwa halikuwa kubwa, na hapo wale walioitetea sheria walisema kweli. Wapo basi wasomaji watakaouliza: kama madhara yalikuwa madogo, kwa nini kulaumu sana? Jibu langu ni kwamba sheria haihakikiwi kwa bahati yake, huhakikiwa kwa ruhusa inayotoa. Mwamba wa Kakamega ndio uliowaokoa watu, kwa kuwa haukuwa na dhahabu nyingi. Kama ungalikuwa na dhahabu kama ile ya Witwatersrand huko Afrika ya Kusini, sheria ile ile, bila ya kubadilishwa herufi, ingaliweza kuitoa wilaya nzima katika rizavu, kipande kwa kipande.

Baada ya kuipima sheria ya wakoloni, si haki tuiache ya kwetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara yake ya 40, yasema kwamba mtu hatanyimwa mali yake ila kwa jambo la umma, na kwamba alipwe mara, kwa ukamilifu, na kwa haki. Tena yakumbuka kwamba wapo watu wanaokaa katika ardhi kwa nia njema bila ya hati, na kwamba hao nao waweza kulipwa. Nimesoma sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara nimemfikiria yule mmenya wa 1932. Ilichukua miaka 78 aingie katika kitabu cha sheria, na hata sasa ameingia kwa neno laini: aweza kulipwa.

Juu ya neno lile mara, mambo si mazuri sana. Wafaransa katika Azimio lao la mwaka 1789 walitaka fidia itangulie: kwanza lipa, kisha chukua. Marekebisho ya Katiba ya Marekani ya 1791 yalitaka fidia iwe ya haki, lakini hayakutaja wakati. Kenya ilionekana kuelekea upande wa Wafaransa. Lakini mwaka 2019 bunge lilitunga sheria ya kurekebisha mambo ya thamani ya ardhi, na humo neno mara likapewa maana yake: ni muda wa kadiri, usiozidi mwaka mmoja baada ya serikali kuingia katika ardhi. Msomaji na ajiulize kama angekubali kununuliwa ng'ombe wake kwa masharti hayo, ng'ombe aondoke leo na fedha zije mwakani. Njia ya reli mpya kutoka Mombasa na barabara nyingi zimepita katika mashamba ya watu ambao malipo yao yalichelewa sana. Naona hapa ndugu mdogo wa kosa la 1932: ahadi haikufutwa, lakini neno lake moja lilipunguzwa uzito pale lilipoanza kuigharimu serikali.

Lakini sheria hiyo hiyo ya 2019 ina jambo la kusifiwa. Yasema kwamba fidia yaweza kutolewa kwa njia mbalimbali, na miongoni mwa njia hizo ni ardhi nyingine yenye thamani sawa, mahali panapofanana na pale palipotwaliwa. Shamba kwa shamba limerudi. Limerudi likiwa njia moja kati ya kadhaa, nalo halina nguvu ya sharti kama lilivyokuwa mwaka 1930. Lakini lipo katika maandishi, na aliye na haki aweza kulinyoshea kidole.

Haya si mambo ya makumbusho kwa watu wa Kakamega. Dhahabu imetafutwa upya katika sehemu za Ikolomani, na mwaka 2025 kampuni ya Shanta Gold ilikuwa na mpango wa kuchimba chini ya ardhi huko Isulu na Bushiangala, mpango unaohitaji kuhamishwa kwa mamia ya jamaa. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yagawa mrabaha hivi: sehemu 70 katika 100 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali machimbo yalipo. Mwaka 1932 jamii haikuwa na fungu kama hilo, kwa hiyo hapa pana maendeleo ya kweli. Lakini madini bado si ya mwenye shamba. Katiba yayahesabu kuwa ardhi ya umma. Na mkadiriaji, kwa kanuni yake ya siku zote, huliangalia shamba kana kwamba kazi inayokusudiwa kufanywa hapo haikupandisha bei yake. Huhesabu nyumba, miti, mihogo na ekari. Kanuni hiyo ina sababu, kwani umma usilipishwe kwa thamani iliyoletwa na umma wenyewe. Lakini anayekuja kuchimba akiwa ni kampuni ya faida, sababu hiyo hulegea, nami sijasikia jibu linaloniridhisha.

Maswali wanayouliza watu wa Ikolomani ni rahisi kuyaelewa. Tutahamia wapi? Makaburi yatakuwaje? Nani atatia sahihi kwa niaba ya mjane ambaye shamba lingali katika jina la baba mkwe aliyekufa zamani? Ndugu wanne wenye hati moja watagawana vipi? Na ardhi ya bei hiyo itapatikana wapi katika Kakamega ya leo, ambamo jamaa nyingi hulima vipande visivyofika ekari mbili, na ambamo habari za mgodi zikienea tu bei za mashamba ya jirani hupanda kabla hundi haijaandikwa? Soko ambalo mwaka 1932 lilikuwa limefungwa kwa amri, sasa liko wazi, lakini mlango wake ni mwembamba.

Jina la Rosterman halikufutika. Ni mtaa kando ya mji wa Kakamega, na watu wake hukaa juu ya mashimo ya zamani na kandokando yake. Wanaume hushuka kwa kamba na taa, wanawake huponda mawe na kuosha unga wake katika makarai, wakitafuta chembe zilizoachwa na mitambo ya Wazungu, na jioni huuza walichopata kwa mnunuzi mwenye mizani yake ndogo.